Mayai Madogo na Makubwa Ndani ya Mashine Moja

Kama una mayai ndani ya mashine hivi sasa, chukua kalamu, maana leo tunahesabu siku. Kama huna, kaa usikilize tu. Kuku ni mazungumzo ya kila nyumba.

Swali limetoka Goba. Muulizaji ana trei ya mayai ya chotara, Kuroiler, na pembeni ana mayai machache ya bantamu, wale kuku wadogo wa urembo ambao watoto wa nyumba huwagombania. Anataka kujua kama anaweza kuyatotolesha yote kwenye mashine moja, kwa sababu jirani amemwambia madogo yataharibika. Jibu langu ni kwamba yanakaa pamoja vizuri kabisa. Kinachowaponza watu ni kuyaingiza siku moja.

Nitafika huko. Kwanza tuelewane kwa nini swali hili linatoka Goba. Ukipandisha kutoka Tangi Bovu, au ukiingilia Mbezi Mwisho, unaiona Goba ilivyo: vilima, nyumba mpya, geti, simtanki juu ya mnara, na nyuma ya nyumba banda. Zamani palikuwa mashamba ya mikorosho na minazi, na kiutawala ilikuwa Kinondoni kabla Manispaa ya Ubungo haijazaliwa. Mashamba yamekwisha lakini viwanja bado vina nafasi ya kufugia. Mwenye nyumba anatoka alfajiri kuwahi foleni, anarudi giza limeshaingia. Huyo hawezi kulea koo kumi wanaolalia kwa nyakati tofauti. Ananunua mashine Kariakoo, ile ya mayai 56 au 96, anaiweka stoo, anaichomeka kwenye umeme.

Sasa mashine inataka kujazwa, na bantamu hajazi mashine. Anataga kidogo, kisha anataka kulalia, ndivyo alivyo. Ukisubiri afikishe mayai 56, yale ya kwanza yatakuwa yameshakuwa viza. Ndiyo maana watu wanachanganya, na mimi siwalaumu. Tena nawaunga mkono, kwa sababu yai la kutotoleshwa halitakiwi kusubiri. Likipita siku 7 linaanza kupoteza nguvu, na likipita siku 10 unacheza bahati nasibu.

Kwetu Pwani hesabu hiyo ni kali zaidi kuliko vitabu vinavyosema. Kiinitete ndani ya yai huanza kujivuta joto likipita kama nyuzi 20 au 21. Chumba cha Goba mchana wa Februari kinafika nyuzi 30 na kuzidi. Katika joto hilo kiinitete hakilali wala hakikui sawasawa. Kinasogea kidogo kidogo mpaka kinachoka na kufa kabla hakijaiona mashine. Baadaye unapasua yai unakuta halina kitu, unamlaumu jogoo wa watu. Kusanya mayai mara mbili au tatu kwa siku. Yaweke mahali penye ubaridi, ncha iliyochongoka ikiangalia chini. Mtungi wa udongo uliokalishwa kwenye mchanga uliolowekwa, mdomo ukafunikwa kwa kitambaa, unafanya kazi nzuri sana. Friji ya nyumbani hapana, baridi yake imezidi. Na yai lenye kinyesi usilioshe. Liache, tumia lililo safi.

Haya, sasa siku.

Yai la kuku wa kawaida, awe wa kienyeji, chotara au wa kisasa, huanguliwa siku ya 21. Yai la bantamu huanguliwa siku ya 19 au ya 20. Serama wa Malaysia, ambaye ndiye mdogo kuliko wote, huwahi hata zaidi. Tofauti ni siku moja au mbili, na mtu anaweza kuidharau. Lakini tazama inavyokwenda ukiyaingiza pamoja. Siku ya 19 bantamu wameanza kudonoa ganda. Siku ya 20 wako nje, wamekauka, wanalia, wanatembea juu ya mayai makubwa. Wewe una huruma, unafungua mfuniko uwatoe. Unyevu uliokuwa ndani unatoka pamoja nao. Wakati huohuo wale wakubwa ndiyo kwanza wametoboa, na ule utando mweupe chini ya ganda unakauka na kumbana kifaranga ashindwe kujizungusha. Asubuhi unakuta mdomo umetokeza kitundu kimoja, na mwenyewe amefia humohumo.

Kwa hiyo anza hesabu kutoka siku ya kuangua, urudi nyuma. Tuseme unataka vifaranga Jumamosi, siku ambayo uko nyumbani. Mayai makubwa yaingie Jumamosi saa moja jioni, wiki tatu kabla. Madogo yaingie kesho yake, Jumapili saa moja jioni. Kama unawajua bantamu wako kuwa ni wa siku 19, wasubirishe hadi Jumatatu. Andika kwa penseli juu ya kila yai tarehe iliyoingia, wala usitumie kalamu ya wino. Na siku ya kwanza haihesabiwi mpaka saa 24 zitimie. Wengi hukosea hapo, wanaita Jumamosi ile ile siku ya kwanza, kisha wanaona kuku wamechelewa.

Jumatano ya mwisho jioni makubwa yametimiza siku 18 na madogo 17. Hapo unaacha kugeuza, unaongeza maji, unafunga. Wote wanaingia siku tatu za mwisho pamoja.

Wapo watakaouliza kuhusu ndege wengine. Kware ni siku 17, kanga 26 hadi 28, bata mzinga 28, na hawa bata wetu wa kawaida wa mitaani ni 35. Kanuni ya kurudi nyuma ni ileile, lakini bata nakushauri umwachie mama yake, hawa hulalia vizuri na mashine yako ina kazi nyingine.

Jambo la pili ni maji, na hapa naomba nisikilizwe kwa makini, maana maelekezo yanayokuja ndani ya boksi la mashine hayakuandikwa kwa ajili ya Goba.

Yai ni lazima lipungue. Kutoka siku ya kuingia hadi siku ya 18 linatakiwa kupoteza maji kiasi cha asilimia 11 hadi 13 ya uzito wake, ili chemba ya hewa ile upande butu ikue na kifaranga apate pumzi yake ya kwanza. Yai la chotara lenye gramu 60 lipungue gramu 7 hivi. La bantamu lenye gramu 30 lipungue tatu na nusu. Mizani ndogo ya jikoni inakutosha. Chagua mayai mawili matatu ya kila saizi uyapime kila wiki. Sasa, yai dogo lina ganda jingi ukilinganisha na kilicho ndani, kwa hiyo hukauka upesi kuliko kubwa. Hicho ndicho alichokuwa anakisema jirani wa muulizaji wetu, na hapo ana hoja.

Lakini tufanye hesabu ya Pwani. Kitabu kinasema unyevu ndani ya mashine uwe kati ya asilimia 45 na 55 kwa siku 18 za mwanzo, kwa hiyo jaza maji kwenye mifereji. Aliyeandika hayo anakaa kwenye hewa kavu. Hewa yetu wakati wa masika ina nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75 hivi. Hewa hiyo ikiingia kwenye mashine na kupashwa hadi nyuzi 37.7, unyevu wake unashuka wenyewe hadi karibu asilimia 50, bila wewe kumimina hata tone. Ukimimina maji juu yake, mayai makubwa hayapungui, chemba inabaki ndogo, na kifaranga anazama ndani ya ganda siku ya kutoka. Mtu wa Dodoma mwezi wa Agosti anahitaji maji tangu mwanzo. Mtu wa Goba mwezi wa Aprili aiache mifereji mikavu mpaka Jumatano ile ya mwisho, ndipo ajaze ipande asilimia 65 hadi 75. Na unyevu huu wa Pwani tunaoulalamikia kila siku ndio unaomkinga bantamu asikauke. Nunua kipima unyevu cha pembeni, usiamini namba ya kwenye kioo cha mashine peke yake.

Joto ni nyuzi 37.5 hadi 37.8 kwa mashine yenye feni. Kwa mashine hiyo, saizi ya yai haina ugomvi, hewa inazunguka inafika kote. Shida ni trei. Zile roli zinazogeuza mayai zimepimwa kwa yai kubwa, na la bantamu likiwekwa pale linadondokea katikati, linabaki halijageuka. Kata vipande vya trei ya karatasi, vitie pembeni lisimame vizuri, kisha simama hapo uangalie mzunguko mmoja kwa macho yako. Kama halizunguki, geuza kwa mkono asubuhi, mchana na usiku.

Wenye sanduku la mbao na balbu, lile la kuchongewa na fundi, ambalo halina feni, mna jambo jingine. Humo hewa ya juu ni ya moto na ya chini imepoa. Joto hupimwa usawa wa mgongo wa yai, na mgongo wa yai la bantamu uko chini kwa karibu sentimita nzima. Kwa hiyo lile dogo, ambalo lingepaswa kuwahi, linakaa kwenye ubaridi na kuchelewa, na mwenye nalo anachanganyikiwa. Linyanyue kwa kulitandikia kadibodi mpaka migongo ilingane. Wamisri, ambao tangu enzi za kale wametotolesha mayai kwa maelfu ndani ya matanuru ya udongo, walipima joto kwa kuligusisha yai kwenye kope la jicho. Sikushauri uache kipimajoto, lakini zoea kuligusa yai lako. Baada ya muda mkono unajua.

Siku ya 7 pima kwa mwanga. Nimekaa na mama mmoja upande wa Kinzudi akifanya kazi hiyo usiku, taa imezimwa, tochi ya simu imefunikwa kwa kile kibomba cha karatasi ya chooni. Mwanawe ndiye anayeshika mayai.

"Mama, hili halina kitu."

"La chotara hilo, ganda la kahawia halionyeshi upesi. Weka pembeni, usitupe. Tutalirudia keshokutwa."

"Na hili la bantamu?"

Akalizungusha polepole. Ganda jeupe, kila kitu wazi. "Hilo limekufa. Unaona hiyo pete ya damu? Lilianza, likaishia hapo."

Yale madogo yenye pete yalikuwa mengi kuliko makubwa, na mama akaanza kuitilia shaka mashine. Nikamuuliza miguu ya bantamu wake ikoje. Mifupi, akasema, matumbo yanagusa chini. Basi msikilizaji, kama bantamu wako ni wa ukoo wa Kijapani wenye miguu mifupi namna hiyo, jua kwamba ufupi ule una bei. Kifaranga anayeurithi kutoka kwa baba na mama pia hafiki popote, anafia ndani ya yai mapema. Ukimpandisha jogoo mfupi kwa mtetea mfupi, robo ya mayai yenye mbegu imekwenda, hata ukiwa na mashine ya dhahabu. Mpandishe mfupi kwa mwenye miguu ya kawaida wa ukoo uleule: nusu ya watoto watatoka wafupi, nusu warefu, na hakuna anayekufa kwa sababu hiyo. Ushauri huu mama hakuupenda, kwa sababu jogoo wake mrefu alishauzwa. Lakini ndivyo ilivyo.

Umeme. Mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 uliwafunza wafugaji wengi wa Dar es Salaam, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere haujaanza kuzalisha Februari 2024. Siku hizi hali ni afadhali, lakini nguzo bado huanguka mvua ikinyesha. Ukikatika katika wiki mbili za mwanzo, funika mashine kwa blanketi, usifungue ovyo; kukatika kukiendelea ndipo ufungue mara moja uweke chupa za maji ya moto ndani. Madogo hupoa kwanza, kwa hiyo chupa ikae upande wao. Ukikatika siku za mwisho, mambo yanageuka: vifaranga wameshakuwa wakubwa, wanatoa joto lao wenyewe na wanataka hewa. Acha matundu wazi. Na kumbuka yai linavumilia kupoa kuliko linavyovumilia kuungua. Saa chache kwenye nyuzi 30 zinachelewesha tu; saa chache kwenye nyuzi 41 zinaua. Ndiyo maana stoo yenye bati bila dari, ambayo mchana inafika nyuzi 36 au 37, si mahali pa mashine. Mashine inajua kupasha, haijui kupooza.

Turudi kwenye zile siku tatu za mwisho. Kuna jambo zuri linatokea humo ndani usiloliona. Miaka ya 1960, mtafiti wa Uingereza aitwaye Margaret Vince alichunguza mayai ya kware akagundua kwamba vifaranga husikizana wakiwa bado ndani ya ganda. Wanatoa mlio wa kugonga-gonga, na mayai yanayogusana huharakishana au kusubiriana mpaka yatoke karibu kwa pamoja. Kwa kuku jambo hili halina nguvu kama kwa kware, lakini lipo kwa kiasi chake. Ukiweka sikio kwenye mashine usiku wa Ijumaa utasikia wanavyoongea. Sikiliza, kisha ondoka. Usifungue. Kifaranga aliyetoka ana kiini cha njano tumboni kinachomtosha kwa siku tatu bila kula wala kunywa, kwa hiyo huyo bantamu aliyetangulia kwa saa kumi na mbili hafi njaa. Anasubiri wenzake, anakauka, na kilio chake kinawaita waliobaki.

Wakishakauka wote, watoe kwa mkupuo mmoja. Na hapo hapo watenganishe. Hili nalisisitiza kuliko hata unyevu, maana nimeona watu wanafaulu kwenye mashine wakafeli kwenye boksi. Kifaranga huwa na uzito kama theluthi mbili za yai alilotoka. Yule wa yai la gramu 60 anatoka na gramu 40. Bantamu anatoka na 20. Siku ya kwanza wanapendeza pamoja, unapiga picha. Usiku ukiingia wanajazana chini ya balbu, na asubuhi waliokanyagwa ni walewale wadogo. Wiki ya pili chotara wameshawapita mara mbili na zaidi, wanawasukuma kwenye chombo cha chakula. Weka kadibodi katikati ya boksi, taa iwe juu ya mpaka, kila upande uwe na chakula chake. Chombo cha maji cha upande wa bantamu kitie kokoto safi, kwa sababu kifaranga wa gramu 20 anazama kwenye kifuniko cha ndoo. Joto la wiki ya kwanza liwe nyuzi 32 hadi 35, ukishusha nyuzi tatu hivi kila wiki. Joto la Goba likikusaidia mchana, zima taa. Wakihema midomo wazi wamekuambia.

Na kabla ya yote hayo, mayai ya kuchanganya uyatoe kwa mfugaji unayemjua. Kuhara kweupe kwa vifaranga kunapitia kwa mama hadi kwenye yai, na yai moja la kuokoteza sokoni linaweza kuambukiza mashine nzima, madogo kwa makubwa.

Nimalizie na kideri, kwa sababu hakuna maana ya kuhesabu siku 21 kisha ukapoteza wote kwa ugonjwa wenye chanjo. Wafugaji wengi huchanja kideri siku ya 7, Gumboro siku ya 14, na wengine hurudia zote mbili kabla mwezi haujaisha. Chanjo ya kideri ya I-2, inayovumilia joto na inayotengenezwa hapa kwetu Kibaha, ni tone moja jichoni. Bantamu tone moja, Kuroiler tone moja, jogoo mzima tone moja, usimpunguzie mdogo. Chupa moja ina dozi za mamia ya kuku, na wewe una vifaranga hamsini. Kwa hiyo, wasikilizaji wa Goba, Madale, Mbezi na Chanika, pigeni hodi kwa majirani wenye kuku, mkutane asubuhi moja kabla jua halijawa kali, mwiteni afisa mifugo wa kata, mchangie chupa moja mwimalize siku hiyohiyo.